Mötley Crüe: kupanda, kuanguka na kurudiana. Karatasi ndiyo iliyowarudisha, siyo undugu

Kanda_ya_Chromu (#1)

Wakuu, salaam. Kuna uzi mwingine humu watu wanabishana kwamba Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani, walirudiana 2005 kwa sababu "walikumbukana". Ule umeshageuka wa matusi, basi nafungua huu tuongee kwa utaratibu.

Hoja yangu ni moja. Bendi hii imevunjika na kuungana zaidi ya mara moja, na kila ukifuatilia unakuta kilichoamua ni karatasi: nani ana jina, nani ana masta (rekodi asilia za studio), nani anaruhusiwa kupanda jukwaani akiitwa nani.

Tuanze na kupanda. Los Angeles, Januari 1981. Nikki Sixx (besi) katoka bendi ya London, akaungana na Tommy Lee (ngoma). Gitaa wakalipata kwenye gazeti la matangazo madogo, The Recycler. Mick Mars alijitangaza kuwa mpiga gitaa mwenye kelele, jeuri na fujo. Wakati huo alikuwa na miaka 29, mkubwa kuliko wote, kazaliwa 1951. Hilo la umri lishikeni, mbele litarudi. Vince Neil (mwimbaji) akachukuliwa kutoka bendi ya Rock Candy, Tommy alikuwa anamfahamu tangu shule. Nukta mbili juu ya herufi zilitoka kwenye chupa ya bia ya Löwenbräu, hazibadilishi matamshi hata kidogo.

Albamu ya kwanza, Too Fast for Love, waliitoa wenyewe Novemba 1981 kwa lebo (kampuni ya rekodi) yao ya Leathür. Chapa ya kwanza nakala 900. Tom Zutaut, mtafuta vipaji wa lebo kubwa ya Elektra, akawaona wanavyojaza kumbi za Sunset Strip, mtaa wa starehe wa Los Angeles, bila lebo kubwa, wakasaini 1982. Mei 1983 wakapiga tamasha la US Festival kule San Bernardino, Septemba ikatoka albamu ya Shout at the Devil, 1984 wakazunguka wakimfungulia mwimbaji Ozzy Osbourne. Miaka mitatu kutoka nakala 900 hadi kumbi za mpira wa kikapu.

Haya, karibuni. Mwenye nondo ashushe.

mzee_wa_mrabaha (#2)

Mkuu umeanza vizuri, ila umeruka pesa, na bila pesa mtu hataelewa kwa nini bendi inayouza mamilioni inagombana.

Lebo ikikupa malipo ya awali, siyo zawadi, ni deni. Linalipwa kutoka kwenye mrabaha wako tu, siyo kutoka kwenye mauzo yote. Nitoe mfano wa hesabu (namba ni za mfano, siyo za mkataba wao). Malipo ya awali, gharama za studio na nusu ya gharama za video jumla dola 500,000. Mrabaha wa bendi dola 1 kwa nakala. Prodyuza anakatwa humohumo, tuseme senti 25. Zimebaki senti 75 za kupunguza deni. Gawanya: nakala 666,667 zinauzwa kabla bendi haijaona senti ya mrabaha. Lebo yenyewe ilianza kupata faida zamani.

Sasa mtunzi wa wimbo ana mfuko wake pembeni. Malipo ya utunzi kwa kawaida hayafungwi kwenye deni lile, yanaanza nakala ya kwanza. Kiwango cha kisheria Marekani mwaka 1989 kilikuwa senti 5.25 kwa wimbo. Albamu ya nyimbo 10 ni senti 52.5, na mikataba mingi ya lebo ilikuwa inakata hadi asilimia 75 ya hapo, inabaki kama senti 39. Albamu ya kwanza ya Crüe karibu yote kaitunga Sixx peke yake. Kwa hiyo ndani ya basi moja kuna mtu hundi inaingia na kuna mtu bado anadaiwa.

BintiBesi (#3)

Mzee wa mrabaha umemaliza. Ndiyo maana bendi nyingi za glamu (roki ya nywele ndefu na mapambo) zilijifunza kuandika majina manne kwenye kila wimbo, siyo kwa ukarimu. Angalia Dr. Feelgood, albamu yao ya 1989, majina yameanza kugawanywa.

Nywele_Juu (#4)

Zile nywele zilikuwa zinasimama vipi saa mbili nzima chini ya taa? Nauliza kwa dhati.

fundi_jukwaa (#5)

Spree ya bei rahisi, Aqua Net ndiyo iliyokuwa maarufu, na kitana cha meno membamba. Inama kichwa kielekee chini. Shika fungu la nywele la upana wa vidole viwili, chana kwa kurudisha kuelekea ngozi ya kichwa, siyo kuelekea nchani, mara tano sita hadi shina lifanye kama kiota. Puliza spree kwenye shina kwanza, subiri ikauke, nenda fungu linalofuata. Ukipuliza nchani kwanza nywele zinakuwa nzito na zinalala. Ukimaliza ndiyo unainuka na kupitisha kitana juujuu.

Kinachoharibu ni jasho, kwa hiyo nywele za mbele huwa zinakufa wimbo wa tatu. Na kinachoua ni moto: spree ina kileo na gesi vinavyoshika moto haraka, mpaka ikauke kabisa. Sixx enzi za mwanzo alikuwa anawashwa moto buti zake jukwaani kwa jeli maalumu. Weka hiyo jeli karibu na kichwa kilichopulizwa dakika mbili zilizopita uone. Ile picha ya uzembe ilikuwa na mpangilio nyuma yake.

Vazi nalo lilikuwa balaa. 1982 walipokwenda Kanada, forodha ya Edmonton iliwazuia kwa ajili ya ile mikanda na vikuku vyenye miiba, ikahesabu kama silaha.

Rifu_la_D (#6)

Kwa wapiga gitaa: kuanzia Shout at the Devil nyuzi zimeshushwa hatua nzima, yaani kutoka nene kwenda nyembamba ni D, G, C, F, A, D. Ukipiga kwa mkao wa kawaida juu ya rekodi utakuwa nje na utalaumu masikio yako.

Usishushe tu ukaondoka. Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) ikishushwa inakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, inagonga freti na ukibonyeza kwa nguvu sauti inapanda. Weka 11 hadi 52 au hapo karibu. Shingo itahama kidogo, angalia upinde wake kwa kubonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho, uone mwanya freti ya saba. Kisha rekebisha tandiko, kile kipande kinachobeba uzi kwenye daraja: sauti ya uzi uliobonyezwa freti ya 12 lazima ilingane na mlio wa uzi uliogusiwa tu hapohapo bila kubonyezwa. Wengi wanaruka hatua hii ya mwisho, halafu wanashangaa kodi (nota zinazopigwa pamoja) za juu zinalia vibaya ilhali nyuzi za wazi ziko sawa.

Kanda_ya_Chromu (#7)

Asanteni. Nirudi kwenye uzi.

Tarehe 8 Desemba 1984, Redondo Beach. Vince Neil anaendesha amelewa, kilevi kwenye damu 0.17 wakati kikomo cha California kilikuwa 0.10. Abiria wake, Nicholas "Razzle" Dingley, mpiga ngoma wa Hanoi Rocks ya Ufini, akafariki. Watu wawili wa gari lingine wakaumia vibaya. Hukumu: kifungo cha siku 30 jela, ambacho hakukimaliza chote, na fidia ya dola milioni 2.6. Albamu ya Theatre of Pain ya 1985 ikatolewa kwa kumbukumbu ya Razzle.

Hanoi Rocks ikafa 1985. Hilo watu wanalisahau wakisimulia kana kwamba ni ajali ya bendi moja. Michael Monroe na Andy McCoy waliirudisha 2001 wakiwa na wanamuziki wapya, wakaifunga tena 2009 huko Helsinki.

Crüe wao wakazidi kupanda. Video ya Home Sweet Home iliombwa na watazamaji wa MTV, televisheni ya muziki, mpaka kituo kikaweka kikomo cha muda video moja kukaa kwenye orodha ya maombi. Lakini tazameni: wimbo huohuo kwenye chati ya nyimbo ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ulifika nafasi ya 89 tu. Redio haikuugusa. Bendi hii ilijengwa na televisheni, na televisheni ndiyo itakayoiacha.

Albamu ya Girls, Girls, Girls ya 1987 ikafika namba 2. Desemba mwaka huohuo Sixx akazidisha heroini, ikatangazwa amekufa, wakamrudisha. Ziara ya Ulaya ikafutwa. 1989 wote wameacha ulevi, wakaenda Vancouver studio ya Little Mountain kwa prodyuza Bob Rock, wakatoka na Dr. Feelgood, namba 1 Marekani, na imethibitishwa mauzo ya milioni sita huko.

mzee_wa_mrabaha (#8)

Kwenye Dr. Feelgood kuna jambo la kiufundi. Bob Rock aliwarekodi mmojammoja, siyo wanne pamoja. Sababu mbili. Ya kwanza ni ugomvi, kila aliyemaliza zamu yake anaondoka. Ya pili ni kwamba kila chombo kinapata hewa yake: hakuna ngoma inayovuja kwenye maikrofoni ya gitaa, kwa hiyo gitaa la Mars linaweza kurundikwa tabaka juu ya tabaka, na ukikosea besi hufuti ngoma. Hasara yake ni kwamba usipokuwa na ngoma iliyonyooka kwanza, kila kinachofuata kinarithi kosa.

Bendi ya Aerosmith walikuwa jengo hilohilo wakirekodi albamu ya Pump, na mwimbaji wao Steven Tyler anasikika akiitikia kwenye Dr. Feelgood. Bendi ya Metallica waliposikia uzito wa rekodi ile wakamfuata Bob Rock kwa albamu yao ya 1991. Tafadhali wale wanaosema glamu haikuacha kitu, sikilizeni ngoma za zile albamu mbili moja baada ya nyingine.

Seattle_91 (#9)

Halafu wakaja bendi ya Nirvana na albamu yao Nevermind, wakazima taa. Mwisho wa hadithi.

BintiBesi (#10)

Siyo rahisi hivyo kaka. Mei 1991 Billboard iliacha kupigia simu maduka na kuuliza "nini kinauza", ikaanza kusoma mashine za malipo, mfumo wa SoundScan. Mwezi uliofuata albamu ya Skid Row, Slave to the Grind, ikaingia moja kwa moja namba 1. Hao ni watu wa nywele ndefu, miezi mitatu kabla ya Nevermind kutoka. Kwa hiyo wanunuzi walikuwepo.

Kilichobadilika ni mlango. MTV ilihamisha saa zake nzuri, redio ikafuata, na bendi iliyotegemea video za gharama kubwa ikajikuta inalipia video isiyopigwa. Rudi kwenye hesabu ya mzee wa mrabaha: nusu ya video ni deni lako. Video isiyoonyeshwa bado inalipwa.

Seattle_91 (#11)

Hapo nimenyoosha mikono dada. Ila Crüe walijimaliza pia.

Kanda_ya_Chromu (#12)

Walijimaliza ndiyo. Februari 1992 Vince Neil akatoka. Yeye alisema kafukuzwa, wenzake walisema kaacha, na tofauti ya maneno hayo mawili siyo ya heshima, ni ya fedha: aliyefukuzwa anadai fidia, aliyeacha anadaiwa. Akaenda kufanya albamu yake mwenyewe. Wenzake wakamchukua mwimbaji John Corabi kutoka bendi ya The Scream.

Albamu ya Machi 1994, inayoitwa kwa jina la bendi, ni nzito na nzuri. Corabi anapiga gitaa pia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kuna magitaa mawili jukwaani. Ikaingia namba 7. Halafu ikaporomoka, na ziara ikakatwa. Makosa yao yalikuwa matatu: waliiita Mötley Crüe badala ya kubadili jina, waliitoa baada ya kimya cha miaka mitano bila albamu kamili, na mwaka huohuo bosi wa Elektra aliyekuwa upande wao, Bob Krasnow, akaondoka na Sylvia Rhone akaingia. Bosi mpya hana sababu ya kulinda dau la bosi aliyepita. Lebo ilimtaka mwimbaji anayejulikana.

1997 Neil akarudi. Albamu ya Generation Swine ikaingia namba 4 na kushuka haraka. Ukiisikiliza utasikia tatizo: sehemu ya nyimbo zilitungwa Corabi akiwepo, jina lake bado limo kwenye utunzi, halafu Neil akaja kuimba juu ya vitu ambavyo havikushonwa kwa kipimo chake. Sauti yake ni nyembamba na ya juu, ya Corabi ina mikwaruzo na inakaa chini. Ni koti la mtu mwingine.

Nywele_Juu (#13)

Kwa hiyo kurudiana kwa kwanza ni 1997, siyo 2005?

Kanda_ya_Chromu (#14)

Naam, na kulikuwa kwa agizo la soko. Lakini karatasi muhimu kuliko zote ni ya 1998. Walipoachana na Elektra waliondoka na masta zao. Bendi chache sana za kizazi kile ziliweza. Wakaanzisha Mötley Records, 1999 wakatoa upya albamu za zamani wenyewe.

Mwaka huohuo Tommy Lee akatoka. Randy Castillo, aliyekuwa kwa Ozzy, akapiga ngoma kwenye albamu ya New Tattoo ya 2000, akaugua kabla ya ziara, nafasi yake ikashikwa na Samantha Maloney. Castillo alifariki Machi 2002. Bendi ikalala.

Sasa hapa ndipo hoja yangu. Bendi imelala lakini masta ni zao. Kitabu cha maisha yao cha 2001 kinauza, kijana anayekisoma anataka kusikia rekodi, na kila nakala inayouzwa pesa haipiti tena kwenye lile deni la mzee wa mrabaha. Desemba 2004 wakatangaza kurudi wote wanne, na Mars alikuwa ametoka kubadilishiwa nyonga. Albamu ya mkusanyiko na ziara ya 2005 vilikuwa biashara ya watu wanaouza mali yao.

Kwa waliozoea bendi za dansi, ambako mwenye vyombo ndiye bendi: hawa walinunua vyombo vyao kutoka kwa tajiri.

Rifu_la_D (#15)

Mars alifanya zile ziara na ugonjwa wa uti wa mgongo unaogandisha maungio, ankilozingi spondilaitisi. Mgongo unaungana pole pole, shingo haigeuki. Ukitazama video za 2005 kuendelea utaona anasimama mahali pamoja na macho hayaendi kwenye freti. Mikono haikutegemea macho tena.

fundi_jukwaa (#16)

Niongelee ngoma za Tommy Lee maana ndizo zilizouza tiketi. 1987 alikuwa kwenye kizimba kinachozunguka mpaka kichwa chini. 2011 reli ya duara kamili. Ziara ya mwisho 2014 na 2015, reli iliyopita juu ya watazamaji hadi nyuma ya ukumbi.

Mambo yanayoharibika kwenye mtambo kama huo ni ya kawaida kabisa. Tuazi hazikai kwa uzito wake, kila nati lazima ifungwe na kufuli. Pedali ya ngoma kubwa ikiwa juu chini, kinyundo kinavutwa na ardhi upande usio wake, kwa hiyo springi inakazwa kuliko kawaida, na mguu unachoka mara mbili. Mguu wenyewe ukiachia, unaning'inia. Mpigaji anafungwa mikanda ya kiuno na mabega, na fimbo za akiba ziko kwenye mfuko uliobanwa, siyo kwenye kikombe. Na nyaya: chochote kinachozunguka mfululizo kinasokota nyaya mpaka zikatike, labda utumie kiungo cha kuteleza (pete inayopitisha umeme huku inazunguka) au sauti isiyo na waya.

Halafu lazima kuwe na njia ya kumshusha mtu umeme ukigoma. Tarehe 31 Desemba 2015, onyesho la kuaga, ukumbi wa Staples Center, mtambo ukakwama Tommy akiwa juu ya watu. Mafundi wakapanda kumtoa.

Seattle_91 (#17)

Kuaga gani sasa, 2022 si walikuwa viwanjani? Januari 2014 si walisaini mbele ya waandishi kwamba hawatazunguka tena?

mzee_wa_mrabaha (#18)

Mkataba wa watu wanne unaweza kufutwa na watu haohao wanne. Hicho ndicho watu hawakusoma. Karatasi ile haikuwa ahadi kwa mashabiki, ilikuwa ya wao kwa wao: kwamba baada ya 2015 hakuna mmoja wala wawili watakaojikusanyia wapigaji wa kukodi na kuzunguka kwa jina la Mötley Crüe. Sixx mwenyewe alisema mapema kwamba tundu ni moja, wote wanne wakubali.

Kwa nini iliwafaa? Tazama bendi jirani. Ratt walifika mahakamani baada ya mpiga ngoma kuzunguka na jina peke yake. L.A. Guns zilikuwa mbili kwa wakati mmoja, kesi ikaisha 2021 kwa makubaliano, moja ikaitwa Riley's L.A. Guns. Promota anayelipa hajui anamlipia nani.

Ikaja filamu ya Netflix ya maisha yao Machi 2019, wasikilizaji wapya wakamiminika, na Novemba wakatoa video wakilipua ule mkataba kwa baruti. Ziara na Def Leppard, Poison na Joan Jett ilipangwa 2020, korona ikaisukuma hadi Juni 2022. Maonyesho 36, makusanyo zaidi ya dola milioni 170. Katikati, 2021, waliwauzia BMG masta zilezile walizopigania.

BintiBesi (#19)

Na hapo ndipo undugu ulipokatika. Oktoba 2022 Mars akatangaza kustaafu ziara kwa sababu ya afya, akaingia mpiga gitaa John 5. Aprili 2023 Mars akafungua kesi Los Angeles. Alidai fungu lake la robo linashushwa hadi asilimia 5. Bendi ikajibu kwa kifungu cha 2008: mwanahisa aliyejiuzulu hana fungu kwenye mapato ya ziara. Mars akasema hajajiuzulu, ameacha kusafiri tu. Ugomvi ukaenda kwa msuluhishi binafsi, na Januari 2024 jaji aliona bendi ilichelewesha nyaraka alizodai, hivyo Mars alistahili gharama za wakili.

Ni swali la 1992 lilelile. Umeacha, au umeachishwa?

Nywele_Juu (#20)

Swali la mwisho wakuu. Nimeona santuri ya Too Fast for Love inauzwa, muuzaji anasema ni ya Leathür. Nitajuaje bila kuangalia jalada, maana majalada yanaigwa?

Kanda_ya_Chromu (#21)

Hesabu nyimbo. Leathür ina 10, na wa pili ni Public Enemy #1. Ya Elektra ya 1982, iliyochanganywa upya na Roy Thomas Baker, ina 9, wa pili ni Come On and Dance, na Stick to Your Guns haimo. Soma lebo ya katikati ya sahani, kisha iweke uicheze, kwa sababu lebo nayo hubandikwa. Ukisikia Live Wire ikifuatiwa na Come On and Dance, mwambie akushushie bei.